Taa ya Barabarani na Daftari la Taifa

Huko Tengeru, mashariki ya mji wa Arusha, yapo makaburi karibu 150 ya Wapoland. Waliolala hapo ni baadhi ya wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, ambao ndugu zao na wao wenyewe walihamishwa kwa nguvu hadi Siberia na kwingineko mwaka 1940 na 1941, wakapitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 wakapata hifadhi chini ya Mlima Meru. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini makaburi yangali yanatunzwa.

Taifa la wakimbizi hao lina sehemu yake katika historia ya mwanga. Mwaka 1853, katika mji wa Lwów, mfamasia Ignacy Łukasiewicz alichuja mafuta ya ardhini, na fundi bati Adam Bratkowski akamtengenezea taa ya kuyatumia. Tarehe 31 Julai mwaka huo taa hiyo ilimulika hospitali ya mji, mgonjwa akapasuliwa usiku. Mwaka uliofuata taa ya namna hiyo ilitundikwa kwenye njia panda huko Gorlice. Huhesabiwa kuwa taa ya kwanza ya mafuta ya taa kuwashwa barabarani, na wenyeji wamepafanya mahali hapo kuwa kumbukumbu ya mji wao.

Je, taa zetu ziko wapi? Kabla ya umeme, mafuta hayo hayo yaliangaza njia za miji yetu ya mwambao. Ilikuwa kazi ya jasho: kupanda ngazi kila magharibi, kufuta masizi, kukata utambi, kujaza mafuta na kuwasha.

Taa kama hiyo ikipatikana leo, hukabiliwa na hatari mbili: kupimwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu, au kusuguliwa hadi ing'are, kisha itobolewe na kupitishwa waya wa umeme. Hatari hii ya pili hujiita ukarabati. Ukarabati wa kweli huondoa kutu bila kufuta alama ya mtengenezaji, hulehemu palipotoboka, na kabla ya yote huandika taa ilisimama wapi na iliwashwa na nani.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Vya baadaye, mfano wa taa hizi na hata kambi ya Tengeru, huhitaji tamko la Waziri. Naye Waziri hawezi kutangaza asichoarifiwa.

Ndugu zetu wa Visiwani wanalijua somo hili kwa uchungu. Beit al Ajaib, jumba la mwaka 1883, limo ndani ya Mji Mkongwe uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Ikiwa jumba mashuhuri hivyo lilituponyoka, taa isiyoandikwa popote itasalimikaje?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hatuna budi basi kuwataka maofisa utamaduni wa wilaya na masheha wa Visiwani wafungue daftari hilo sasa, wakiwa pamoja na wazee wanaokumbuka. Urithi ni amana, na mwenye kukabidhiwa amana ataulizwa.