Paswedi ya waifai ya ofisi ni kama funguo ya droo ya hela

Wafanyabiashara wenzangu, leo niseme jambo ambalo wengine hamtalipenda. Mara nyingi waifai ya ofisi haisumbui kwa sababu bando ni dogo. Inasumbua kwa sababu tumeigeuza kuwa ya mtaa.

Nina steshenari hapa Picha ya Ndege, Kibaha. Mwaka jana, siku ya mwisho ya kuomba mkopo wa chuo, kijana mmoja alikaa kwangu saa nzima. Kila tukifika sehemu ya kupakia vyeti, mtandao unakata. Mwisho akasema, "Anko, acha tu, ngoja niwahi Maili Moja." Hela yake niliikosa, sawa. Kilichoniuma ni kwamba angeweza kukosa mkopo kwa uzembe wangu.

Jioni nikaingia kwenye mipangilio ya rauta. Vifaa 19 vimeunganishwa, vya ofisi ni 4 tu! Vilivyobaki ni vya saluni ya jirani, bodaboda wa kijiweni na wateja wa zamani. Na mimi nilishapanga kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Yaani ningelipia video za watu.

Nilichofanya ni hiki:

1. Nilibadili paswedi, nikafungua mtandao wa wageni pembeni. Rauta nyingi zina sehemu hiyo. Kama yako inaruhusu, uwekee kikomo cha spidi.

2. Rauta ilikuwa sakafuni, nyuma ya mashine ya fotokopi. Nikaipandisha juu ukutani, katikati ya ofisi. Chuma na kuta nene hudhoofisha mawimbi.

3. Kompyuta ya maombi nimeiunganisha kwa waya. Vifaa vya karibu vinatumia 5 GHz. Ile ya 2.4 GHz inafika mbali ila ina msongamano, kwa hiyo chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza.

4. Nilinunua UPS ndogo ya rauta, ili umeme ukikatika kidogo kazi isiishie njiani.

Sisemi kila tatizo ni la kwako. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, tukahangaika nchi nzima. Ndiyo maana ni vizuri pia kuwa na laini ya mtandao mwingine kama akiba.

Jirani wa saluni alininunia kidogo. "Siku hizi umekuwa mchoyo, kaka." Nikamwambia, "Dada yangu, waifai ya wageni ipo, karibu. Ila hii ya ofisi ni kama funguo ya droo ya hela. Wewe ya kwako ungenipa?" Akacheka, yakaisha.

Ujirani mwema haumaanishi mteja wako aondoke na fomu nusu.

Kabla hujaongeza bando, leo jioni hesabu vifaa vilivyo kwenye rauta yako. Vya ofisi ni vingapi?