Mpelelezi Aliyegeuka Bingwa wa Ndege

Ngozi ya ndege iliyokaushwa na kujazwa pamba haina thamani kubwa katika elimu ikiwa mguuni mwake hakuna kibandiko. Kibandiko hicho ni kipande kidogo cha karatasi kilichoandikwa mahali ndege alipopatikana, tarehe, na jina la aliyemkamata. Mwanafunzi wa Mbangala, mkoani Songwe, amwonapo mnana katika matete akaandika daftarini siku na mahali alipomwona, hufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Mnana aitwaye Ploceus reichardi ni mkazi wa sehemu za majimaji za kusini-magharibi mwa Tanzania na kandokando yake nchini Zambia. Mtu akiandika kwamba amemkamata Tanga, ataibadilisha ramani ya ndege huyo kwa mstari mmoja wa wino. Kwa sababu hiyo habari za Richard Meinertzhagen zastahili kusomwa na kila anayefundisha sayansi.

Meinertzhagen alizaliwa London mwaka 1878, akafika Afrika Mashariki mwaka 1902 akiwa ofisa wa King's African Rifles. Mwaka 1904 nguruwe mkubwa wa msituni alipewa jina la kisayansi la Hylochoerus meinertzhageni kutokana na vielelezo alivyovipeleka Uingereza. Mwaka uliofuata alimwua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika mkutano ulioitwa wa amani. Mabaraza ya kijeshi yalimwondolea hatia, lakini aliondoshwa katika nchi hiyo.

Alirejea wakati wa Vita Kuu. Alikuwapo Tanga mwezi Novemba 1914 Waingereza walipopigwa na jeshi la Lettow-Vorbeck, kisha akaongoza upelelezi wa kijeshi kutoka Nairobi hadi mwaka 1916. Kazi yake ilikuwa kukusanya maneno ya mateka, barua zilizonaswa na taarifa za wajumbe wa siri, kuzilinganisha, na kupambanua nguvu na nia ya adui. Kwa maelezo yake mwenyewe, hata karatasi zilizotumika katika vyoo vya maofisa wa Kijerumani ziliokotwa na kusomwa. Wasomaji wasicheke, katika sayansi pia yako mengi yaliyojulikana kwa kuchambua kinyesi. (Vita hivyo, kwa wasiokumbuka, vilikaribia kuishia mlangoni mwa Tunduma: Lettow-Vorbeck alipita Fife, ng'ambo tu ya mpaka, mwanzoni mwa Novemba 1918, akasalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 ya mwezi huo.)

Alipoacha jeshi mwaka 1925, Meinertzhagen alijitoa kwa elimu ya ndege. Aliandika juu ya ndege wa Misri mwaka 1930 na wa Arabuni mwaka 1954, na katika mwaka huo wa 1954 aliikabidhi Makumbusho ya Uingereza ngozi za ndege zipatazo 20,000. Alitunukiwa nishani, akafariki mwaka 1967 akihesabiwa miongoni mwa mabingwa.

Mwaka 1993 Alan Knox alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba baadhi ya ngozi hizo zilikuwa za wizi. Baada yake Pamela Rasmussen na Robert Prys-Jones walizichunguza kwa upana zaidi. Njia yao ilikuwa rahisi kueleweka, ingawa ilidai subira. Kila mkusanyaji ana mkono wake: namna ya kushona, ya kufunga mifupa, ya kujaza pamba. Ngozi ikipigwa eksirei, mkono huo huonekana ndani hata kama kibandiko cha nje kimebadilishwa. Yaani wataalamu hawa walimfanyia mpelelezi upelelezi wake mwenyewe.

Mfano wa bundi mdogo wa msituni wa Bara Hindi unatosha. Ndege huyo alikuwa hajaonekana tangu karne ya 19, ila kulikuwa na ngozi moja ambayo Meinertzhagen alisema ameipata Mandvi, Gujarat, mwaka 1914. Uchunguzi ulibainisha kwamba ngozi ile ilitayarishwa na James Davidson, aliyekuwa amekusanya ndege nchini humo katika miaka ya 1880. Iliibwa, ikafanyiwa ukarabati, ikavishwa kibandiko kipya. Rasmussen na wenzake wakaiacha Mandvi, wakafuata vibandiko vya kweli, na mwezi Novemba 1997 wakamwona bundi huyo akiwa hai karibu na Shahada, Maharashtra, baada ya miaka 113. Waliomtafuta zamani mahali pa uongo walikosea kwa sababu waliamini maandishi.

Wako wanaosema kwamba udanganyifu huo ulitokana na kazi yake ya kwanza. Hoja hiyo ni dhaifu. Mpelelezi humdanganya adui, lakini akimdanganya jemadari wake askari watakufa bure; kwa hiyo mchambuzi mwema wa taarifa hupima kila chanzo na kutenganisha alichokiona na alichosikia. Hayo ndiyo matendo ya mwanasayansi. Kasoro ilikuwa ya mtu. Hata hila ya mwaka 1917 huko Palestina, ya kuangusha mkoba wenye nyaraka za uongo ili Waturuki wapotoke, aliyojipatia nayo sifa nyingi, wanahistoria wameona kwamba haikubuniwa naye. Alikuwa amezoea kubandika jina lake juu ya kazi za wengine.

Reginald Moreau naye alitoka katika kazi ya serikali, tena isiyo na fahari: alikuwa mkaguzi wa hesabu za jeshi. Alifika Amani, Tanganyika, mwaka 1928, bila shahada. Yeye na wasaidizi wenyeji, akiwemo Salimu Asmani, walikesha na kushinda karibu na viota wakiandika saa kwa saa ndege walivyolisha makinda yao. Kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya ndege wa Afrika kingali chategemewa. Huenda ukaguzi wa hesabu ni chuo bora cha sayansi kuliko vilivyo vyuo vingi.

Linalotisha zaidi katika mkasa wa Meinertzhagen ni kimya cha wenzake. Makumbusho yaliwahi kumpiga marufuku kwa kuchukua vielelezo bila ruhusa, na minong'ono haikukoma. Hata hivyo alikuwa tajiri, ofisa, na mfadhili; ikapita miaka 26 baada ya kifo chake kabla jambo hilo halijachunguzwa na kuchapishwa waziwazi.

Katika shule za sekondari kimya cha aina hiyo hufundishwa bila kukusudiwa. Mwanafunzi hufunga jiwe kwenye uzi, hulibembeza, huhesabu muda, na kupata mchapuko wa mvutano wa dunia kuwa meta 9.3 kwa sekunde kwa sekunde. Anajua kitabu kinasema 9.8. Anajua pia kwamba mwalimu hutoa alama kwa 9.8. Basi anafuta, anarudi nyuma kutoka katika jibu, na kubuni vipimo vitakavyolileta. Hajaiba ngozi ya mtu, lakini amekwisha kujifunza kuandika kibandiko. Mwalimu angempa alama kwa 9.3 yenye maelezo ya kweli, kwamba uzi ulinyooka au saa ilichelewa kubonyezwa, naye angeinyima 9.8 isiyoweza kurudiwa mbele ya darasa. Kwa hilo havihitajiki vifaa vya ziada. Yahitajika daftari la wino lisilofutwa, na mtihani usiodai jibu lililojulikana kabla ya kupimwa.

Ngozi za Meinertzhagen zingali zimehifadhiwa Tring, Uingereza. Nyingi bila shaka alizipata mwenyewe mahali alipoandika, kwani alisafiri kwelikweli na alikuwa mwindaji hodari. Lakini kibandiko cha kweli na cha uongo vimeandikwa kwa mkono mmoja, na mtafiti atakaye kutumia ngozi yoyote kati ya hizo hana budi kuichunguza kwanza kana kwamba imeibwa.