Kampeni za kisasa: wanafundisha nani, na juu ya nini?

Tangu uchaguzi wa 2023 upite, mu miji yetu ya madini tunaona kazi moja mpya inakomaa: kufundisha watu kufanya kampeni. Bango linasimama mbele ya hoteli, siku tatu za mafunzo juu ya kampeni za kisasa na mawasiliano ya kisiasa, chakula cha midi ndani, cheti mwisho. Anayetaka kuwa depite analipa na anakuja na koti. Siye wa ukurasa huu tuliingia mu chumba kimoja cha namna hiyo, tukaketi nyuma karibu na mlango, tukasikiliza. Leo tunataka kusema tuliyofikiri, juu mafunzo yale yanawagusa nyinyi munaoshuka mu shimo kuliko wale waliolipa.

Tuseme kwanza kweli: mwalimu alijua kazi yake. Alionyesha kwamba kampeni haianzi na muziki na lori ya pombe, inaanza na daftari: kartié ngapi, biro za kura ngapi, kura ngapi zilitoka pale mara iliyopita, nani anakujua pale na nani hakujui. Alionyesha kwamba mtu anayesema mambo kumi na tano hasikiwi hata moja. Alifundisha kusikiliza mbele ya kusema. Yote hii ni muzuri. Watu mingi wamepoteza nyumba na gari mu kampeni juu hawakuhesabu kitu, walinunua tisheti tu.

Lakini siku tatu zote, hakuna aliyeuliza: ile nafasi unayotaka, inaweza kufanya nini?

Njo hapa tunakwama. Mu 2006 wakandida walikuwa zaidi ya 9 000 kwa Bunge lenye viti 500. Mu 2023 walipita 20 000. Karibu kila mmoja aliahidi barabara, maji, moto wa umeme, kazi kwa vijana. Lakini depite hajengi barabara. Katiba inampa kazi ya kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuchunguza serikali. Kama anakuambia atakuletea transfo ya umeme, ao hajui kazi anayoomba, ao anajua na anakudanganya. Wazee waliotoka Gécamines mu ile operesheni ya départs volontaires iliyoanza 2003, ambapo wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliachiliwa, wanajua vizuri ladha ya ahadi za kampeni. Kila miaka mitano mtu anakuja na mikrofoni, anasikitika pamoja nao, kiisha anapanda gari.

Sasa tufikiri mkandida mwenye kufundishwa kweli anakuja kwetu. Angesema nini? Angeanza na Kodi ya Madini ya Machi 2018. Sheria ile inagawanya redevansi ya madini hivi: 50% kwa serikali ya Kinshasa, 25% kwa provensi, 15% kwa mji, komine, sekta ao sheferi ambamo mgodi uko, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena inalazimisha kampuni kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji, na kuandika kaye ya masharti pamoja nao: shule gani, kisima gani, kwa mwaka gani. Hizo si ahadi za mtu, ni haki iliyoandikwa. Mkandida anayejua angesimama mbele yenu na kuuliza: 15% ya hapa iliingia lini, ilitumika wapi, nani alitia saini? Swali moja kama hilo linazidi ngoma saa sita nzima.

Na nafasi iliyo karibu na ile 15% si ya depite wa Kinshasa. Ni ya mshauri wa komine. Tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komine walichaguliwa, kitu ambacho watu wa umri wetu hatukuwa tumekiona. Lakini ilifanyika tu mu komine za miji mikubwa ya provensi: Lubumbashi na komine zake, Kolwezi na Dilala na Manika. Likasi haikuchagua. Fungurume haikuchagua. Kipushi vile vile. Yaani fasi mingi ambapo shaba na kobalti vinatoka, mwenye kupokea ile franga hajapita mu sanduku lenu la kura. (Wenye historia watakumbuka kwamba mu 1957, wakati wa Wabeleji, Elisabethville na Jadotville zilichagua washauri wa komine pamoja na Léopoldville. Jadotville njo Likasi. Miaka zaidi ya 60 nyuma Likasi ilipiga kura ya komine, na 2023 ikangoja.)

Jambo lingine mafunzo ya hoteli hayajui ni saa. Mitingi inapangwa saa tisa ya mchana, siku ya kazi. Nani atakuja? Timu ya asubuhi haijatoka, timu ya usiku inalala, na mwenye kutoka saa kumi na mbili anapanda basi na macho mekundu, anataka bukari na kitanda. Wanaojaa pale ni watoto na wale wanaopenda tisheti, kiisha mkandida anarudi nyumbani anasema "batu balikuwa mingi!" Kumbe hajaona mchimbaji hata mmoja. Mwenye akili angeuliza ratiba ya timu, angesimama kwenye kituo cha basi saa ya kubadilishana, dakika kumi, bila spika, angesalimia mkono kwa mkono. Na angepita nyumbani asubuhi saa ine, kuongea na mama. Mama njo anajua bei ya mfuko wa unga, anajua maji yanatoka siku gani, na bwana akirudi usiku atauliza yeye. Sheria ya uchaguzi iliyogeuzwa 2022 inaachilia listi isilipe kosio kama nusu yake ni wanawake. Mu chumba kile tulihesabu wanawake wane kati ya watu makumi tatu na zaidi, na wawili kati yao walikuwa wanagawa chai.

Kuna mafunzo moja tungelipa siye wenyewe kama tungekuwa na makuta: mafunzo ya mashahidi. Mkandida anatumia pesa yote mu ile siku makumi tatu za kampeni, kiisha siku ya kura anatuma kijana asiyekula, asiyejua PV ni nini, akae biro tangu asubuhi hata usiku. Mu 2023 biro mingi zilichelewa kufunguliwa, hata CENI ikaongeza siku. Kijana mwenye njaa saa nane ya usiku, mtu akimpa franga kidogo atasaini karatasi yoyote. Na wizi si maneno ya barabarani tu: tarehe 5 Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wakandida 82, wengine juu ya kukutwa na mashine za kura, na ikafuta uchaguzi wote wa wadepite mu Masimanimba na Yakoma. Shahidi aliyefundishwa anajua kuhesabu kwa sauti, kuandika namba, kudai kopi yake ya PV, kulinganisha na ile iliyobandikwa inje. Kazi hiyo mchimbaji anaiweza sana. Mtu anayehesabu mifuko yake kwenye depo mbele ya mnunuzi mwenye mizani ya kudanganya, huyo hafundishwi mara mbili.

Tumalize na neno ambalo mwalimu alipita juu yake haraka. Alisema mkandida lazima aguse "hisia za wenyeji". Siye wa Katanga, tukisikia vile tunashtuka. Mu 1992 na 1993, mu Likasi na Kolwezi, jirani aligeuzwa "bilulu", wadudu, kwa mdomo wa wanasiasa juu ya mimbari. Tunakumbuka gare ya Likasi, familia zinalala kwenye vyombo vyao zikingoja treni, watoto wanakufa pale pale. Wengi wao walikuwa wafanyakazi kama nyinyi, waliozaliwa hapa, baba zao waliletwa na Union Minière. Hayo yalikuwa mawasiliano ya kisiasa pia, tena yenye nguvu kupita yote tuliyofundishwa mu hoteli. Leo hakuna tena haja ya mimbari: sauti ya dakika moja mu WhatsApp, kwa Swahili chetu, bila jina la msemaji, inafika kambi zote mbele ya jua kuchwa. Tulimuuliza mwalimu mkandida afanye nini akisikia sauti ya namna hiyo inamsaidia yeye. Alicheka kidogo, akasema tutaona kesho. Kesho hakurudi juu yake.

Kwa hiyo tunaomba wenye kupanga mafunzo haya kitu kimoja chepesi. Mbele ya kampeni ijayo, mulete siku moja kati ya zile tatu huku kambini, siku ya Mungu kiisha misa, mu sale ya paroasi, kwa Swahili. Bei isiwepo. Cheti si lazima. Mashahidi wakae mbele, wamama kando yao, wakandida nyuma karibu na mlango, pale tuliketi siye. Viti tutatafuta.