Sauti za kinanda zisilale ndani ya kinanda

Mtu wa bara akisikia Samburu anafikiria pundamilia na watalii. Mimi naandika kutoka Samburu nyingine, hii ya Kwale, iliyoko kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi ukishapita Mariakani. Wanyama tulio nao ni mbuzi, na malori ukipenda kuyahesabu. Wapiga kinanda pia tunao: wa kanisani, wa harusini, na wale wanaoteremka Mombasa na Diani wikendi kutafuta riziki. Leo nataka kusema nao.

Neno langu ni hili. Sauti ulizotengeneza mwenyewe zikae nyumbani kwako, kwenye tarakilishi, hata kama ni ile ya mtumba isiyowaka mpaka uipige kofi.

Kinanda ninachosema hapa ni sinthesaiza, chombo kinachounda sauti kwa umeme. Kinatoka kiwandani na sauti zake, lakini kinakuachia nafasi utengeneze zako, na hapo ndipo watu wanapokesha wakitafuta fidla inayolia sawasawa au kodiani isiyokwaruza. Sasa, sauti hiyo ukishaipata ni kitu gani? Ni nambari tu, ndugu yangu. Yamaha DX7, iliyotoka mwaka 1983, ina nafasi ya sauti 32. Ukiziomba zote kwa waya wa MIDI inakupa faili ya baiti 4,104, haizidi wala haipungui. Waya huo unapitisha biti 31,250 kwa sekunde, kwa hiyo shughuli nzima inakwisha kabla hujamaliza kupiga miayo. Sauti 1,024 za namna hiyo ni KB 130 hivi. Picha moja ya simu yako inazidi hapo mara nyingi.

Na ndani ya kinanda nambari hizo zinalindwa na nini? Betri bapa kama sarafu! Kwenye DX7 imechomelewa kabisa kwenye bodi. Siku ikifa, kinanda kinawaka na kulia kama kawaida, ila kazi yako haimo tena.

Vinanda vilivyokuja baadaye vina hatari yao nyingine. Chukua Korg Triton ya mwaka 1999, inayoweza kurekodi sauti za nje. Kwa hiyo unaweza kumwita mzee mmoja wa Kiduruma aje na kayamba lake, urekodi mtikiso wa zile mbegu, uuweke kwenye vidole vyako. Hakuna kiwanda cha Japani kitakachokufanyia hivyo. Lakini kumbukumbu inayoshika kile ulichorekodi inafutika kinanda kikizimwa. Stima ikikatika kabla hujahifadhi (na huku kwetu mnaijua stima), kayamba limekwenda na mzee amesharudi shambani. Flopi yake nayo inabeba sekunde 15 hivi tu za sauti ya upande mmoja. Ndiyo maana nasema mwisho wa safari uwe tarakilishi.

Wapiga taarab wana sababu moja zaidi. Maqam ya Rast inataka noti mbili zishuke robo toni, na robo toni haipo kwenye vitufe vyeupe wala vyeusi. Kwenye mfumo wa GS wa Roland jambo hilo linaandikwa kwa nambari 12, moja kwa kila noti: 64 ni noti isiyoguswa, 14 ni iliyoshushwa senti 50. Nambari kumi na mbili! Kuna watu wanazipanga upya kwa mkono kila kabla ya harusi, bibi harusi anasubiri, wakati zingeweza kutumwa kwa faili moja ndogo. Taarab ya Mombasa haikuwahi kuogopa chombo kigeni. Iliichukua taishokoto ya Wajapani ikaifanya yake, na kundi la Zuhura Swaleh ni shahidi. Sioni kwa nini iogope faili.

Sasa tuje kwenye lenye uchungu. Mara nyingi kinanda si cha mpigaji. Ni cha kundi, cha kanisa, au cha tajiri aliyekinunua. Mpigaji akiondoka, anaambiwa: "Mwanangu, kinanda changu na kilichomo changu." Hapo mimi napinga. Chombo ni cha mwenye pesa, sawa, lakini zile nambari zilitoka kwenye masikio na usiku wa mtu mwingine. Akiondoka na nakala, kinanda hakipungukiwi hata baiti moja. Jambo hili lisemwe siku ya kwanza kabla ya kutia kidole, si siku ya kugombana.

Wengine wataniambia faili zinaibika kirahisi. Ni kweli, zinaibika. Lakini kati ya sauti kuibwa na sauti kufa, mimi nachagua iibwe, angalau tutaendelea kuisikia harusini.

Onyo moja kutoka kwa mtu anayekula kwa kuandika programu: usihifadhi kwa muundo ambao programu moja tu inaujua. SoundDiver ya Emagic ilikuwa nzuri sana ya kupanga sauti. Apple ikainunua Emagic mwaka 2002, na programu ikaachwa njiani. Hifadhi ujumbe wenyewe wa SysEx, ulioanza na F0 na kuishia F7, kwenye faili ya .syx. Kando yake weka faili ya maandishi ya kawaida: jina la sauti, kinanda gani, nani aliitengeneza, lini.

Kwenye Windows tumia MIDI-OX, kwenye Mac SysEx Librarian. Mwenye Linux ana amidi:

amidi -p hw:1,0,0 -r harusi.syx

Kisha anza kutuma kutoka kwenye kinanda. Nambari za hw kwako zinaweza kuwa tofauti. Amidi -l itakuonyesha. Kurudisha, badala ya -r andika -s, na kwenye DX7 ondoa kwanza kinga ya kumbukumbu, la sivyo itakataa. Waya za USB za bei ya chini zina tabia ya kumeza baiti, kwa hiyo angalia ukubwa wa faili. Ikiwa chini ya 4,104, rudia.