Utatu: Tuyajue Wanayoyasema Kabla ya Kuwajibu



Mtu aliyekulia Kondoa au Pangani, akahamia Arusha kutafuta riziki, huenda kwa mara ya kwanza akapanga chumba katika nyumba moja na Walutheri, Wakatoliki na Wapentekoste. Misikiti yetu ya mjini, Tengeru na Usa River inao wengi wa namna hiyo. Inao pia ndugu waliosilimu, ambao mama zao bado wanasali KKKT. Msibani au kibarazani mazungumzo hufika kwenye Utatu, na hapo hutolewa ile hesabu yetu mashuhuri: moja na moja na moja ni tatu. Jirani hutabasamu, kisha hukasirika. Amejibiwa jambo ambalo hakulisema.

Mafundisho yenyewe ni haya. Mlutheri, sawa na Mkatoliki na Mwanglikana, husema kwamba Mungu ni mmoja tu, na kwamba Uungu huo mmoja umo kwa ukamilifu katika Nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Baba siye Mwana, wala Mwana siye Roho; lakini hawasemi kuwa ipo miungu mitatu, wala kwamba kila Nafsi ina theluthi yake. Neno "nafsi" ndilo linalotutatiza, maana masikioni mwetu nafsi tatu ni watu watatu. Neno "Utatu" halimo katika Biblia, nao hawalikani hilo. Kwa Kilatini lilizoeshwa na Tertullian wa Carthage, Afrika Kaskazini, mwanzoni mwa karne ya 3. Wao hutegemea Mathayo 28:19, ambapo watatu wanatajwa chini ya "jina" moja.

Baadhi ya wahubiri wao wamezidisha mkanganyo kwa mifano. Mmoja hutaja maji, barafu na mvuke. Mwingine mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Wanazuoni wa Kanisa wenyewe hawairidhii. Mafiga ni mawe matatu mbalimbali, na hiyo ingekuwa miungu mitatu. Mfano wa maji una kasoro ya upande wa pili. Ni kama mtu anayeutazama Mlima Meru kutoka Ngaramtoni, kisha mjini, kisha Usa River: ataona sura tatu, ilhali mlima ni ule ule na tofauti imo machoni mwake. Sabellius alitengwa na Kanisa katika karne ya 3 kwa fundisho la namna hiyo, kwa kuwa katika Injili Mwana anamwomba Baba, na sura moja ya mlima haiwezi kusema na sura nyingine.

Mzozo mkubwa zaidi ulifuata. Arius, kasisi wa Iskandaria, alifundisha kwamba Mwana ameumbwa. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulimkataa, ukatamka kuwa Mwana ni wa asili moja na Baba, amezaliwa wala hakuumbwa. Nao hawakusudii kuzaliwa kwa mke na mume. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ukakamilisha upande wa Roho. Mwaka 2025 Wakristo waliadhimisha miaka 1700 ya Nikea.

Na Bibi Maryam je? Hayumo katika Utatu wao. Suratul Maida aya ya 116 inakemea kumfanya Nabii Isa (AS) na mama yake kuwa waungu badala ya Allah. Haisemi kwamba hao ndio Baba, Mwana na Roho wanaotajwa kanisani. Anayemwambia jirani kuwa Utatu wake ni Mungu, Maryam na Isa amemzulia.

Baada ya yote hayo, sisi tunaukataa Utatu, na hatuoni haya kulisema. Suratun Nisaa aya ya 171 inawakataza Watu wa Kitabu kusema "watatu", na Suratul Ikhlas imekanusha kuzaa na kuzaliwa kwa namna yoyote ile. Tunachogombania na jirani si hesabu. Ni iwapo Isa mwana wa Maryam ni mja na Mtume, au ni Muumba. Imam Shahrastani, aliyefariki mwaka 1153, alizieleza kauli za makundi matatu ya Wanasara kila moja kwa tofauti zake, bila kuyachanganya. Na Suratul Ankabut aya ya 46 inatuamuru tusijadiliane nao ila kwa njia iliyo bora. Baadhi ya mihadhara yetu ya hadharani, tukiri, ilitafuta zaidi kicheko cha wasikilizaji.

Katika miteremko ya Meru jambo hili si geni. Wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri mwaka 1896. Misheni ya Nkoaranga ikaanzishwa mwaka 1902, na tangu hapo vizazi vimefundishwa Utatu katika darasa la kipaimara. Kijana aliyesilimu akirudi huko kumsalimu mama yake ataulizwa kwa nini ameacha. Tunataka aweze kumwambia: mama, mlichonifundisha nilikielewa, nami sikukikubali kwa sababu hii na hii. Mama huyo hatafurahi. Lakini hatakuwa na la kuwaambia majirani kwamba mwanawe amekuja kumtukana.