Pesa ya pamba ikiingia kwenye hisa, faida ipi ya kuangalia?

Bukundi, wilayani Meatu, mkulima hulipwa mara moja kwa mwaka: pamba ikishapimwa na kuuzwa. Pesa hiyo ndiyo chakula, ada na mbegu za msimu ujao. Sasa simu imeongeza njia nyingine, kununua vipande au hisa bila kupanda basi kwenda Bariadi.

Swali si faida tu. Swali ni je, ukiihitaji pesa Novemba, utaipata?

Hapo ndipo mifuko inapotofautiana. Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, ulioanza mwaka 2005, ni wa wazi na wenye uwiano: sehemu ya pesa iko kwenye hisa, sehemu kwenye hatifungani na amana. Ukitaka kutoka, mfuko wenyewe unanunua vipande vyako kwa bei inayotokana na thamani ya mali zake.

Mfuko uliofungwa ni habari nyingine. Idadi ya hisa zake haibadiliki, na haurudishi pesa kwa anayetoka. Lazima apatikane mtu wa kununua sokoni. Akikosekana, unashusha bei, hata kama mali za mfuko zina thamani kubwa zaidi.

Tanzania ina kampuni zinazofanana na mifuko hiyo: NICOL na TCCIA Investment. Zilikusanya mitaji ya wananchi wengi na kununua hisa za kampuni nyingine. NICOL iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008, ikaondolewa 2011, ikarudi 2018. Kwa takriban miaka saba, mwenye hisa hakuwa na soko rasmi la kuziuza. Kwa mkulima mwenye mtoto wa kulipiwa ada, hiyo si hasara ndogo.

Jambo la pili ni faida yenyewe. Chukua mfano wa kiwanda cha kuchambua pamba. Kimeuza nyuzi na mbegu kwa Sh100 milioni. Pamba, umeme, mishahara na uchakavu wa mashine vimekula Sh88 milioni. Faida ya uendeshaji ni Sh12 milioni, yaani asilimia 12 ya mauzo. Mwaka huohuo kikauza lori la zamani na kupata faida ya Sh20 milioni. Kabla ya riba na kodi, taarifa itaonyesha Sh32 milioni. Inapendeza, lakini lori haliuzwi mara mbili.

Kampuni ya uwekezaji nayo ina "lori" lake: hisa inazomiliki zikipanda bei, ongezeko hilo linaweza kuhesabiwa kwenye faida ya mwaka, ingawa hakuna shilingi iliyoingia. Mwakani bei zikishuka, faida nayo inayeyuka. Kilicho mkononi ni gawio na riba, ukitoa gharama za kuendesha kampuni.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza "nunua", kuna mambo matatu ya kukagua: nani atanunua ukitaka kutoka, bei ya sokoni iko wapi ukilinganisha na thamani ya mali kwa kila hisa, na faida imetokana na kazi au na bei za kwenye karatasi.

Pesa ya mbegu isiguswe kabisa. Mvua ikianza, shamba halisubiri mnunuzi wa hisa apatikane Dar.