Hesabu ya Matone ya Dripu: Jukumu Dogo Lenye Uzito wa Uhai

Katika wodi zisizo na mashine za kuendesha dripu, kasi ya maji yanayoingia mwilini mwa mgonjwa hutegemea saa ya muuguzi, macho yake na hesabu aliyoifanya kabla ya kufungua mpira.

Kanuni yake ni nyepesi: ujazo wa maji kwa mililita huzidishwa kwa idadi ya matone yanayounda mililita moja, kisha jibu hugawanywa kwa muda uliopangwa, kwa dakika. Mgonjwa aliyeandikiwa mililita 1,000 kwa saa 8, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, anapaswa kupata matone 42 kwa dakika. Mpira wa matone madogo, wenye matone 60 kwa mililita, unahitaji matone 125.

Hatari imejificha hapo. Kasi ya matone 125 ikiwekwa katika mpira wa matone 20, maji ya saa 8 yatakwisha kwa saa 2 na dakika 40. Ndiyo maana maandishi ya pakiti ya mpira hayana budi kusomwa kwanza.

Kwa watoto, kosa hilo ni zito zaidi. Utafiti wa FEAST, uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, ulichapishwa mwaka 2011. Ulionesha kuwa vifo ndani ya saa 48 vilikuwa takribani asilimia 10.5 kwa waliopewa maji mengi kwa haraka, dhidi ya asilimia 7.3 kwa wasiopewa hivyo.

Hata hivyo, haraka si kosa wakati wote. Mtoto mchanga aliyepungukiwa sana maji kwa kuhara, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, hupewa mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa 1, kisha mililita 70 kwa kila kilo kwa saa 5. Kinachoamua kasi ni ugonjwa, umri na uzito, wala si mazoea.

Hivyo, uzito upimwe, hesabu ihakikiwe na muuguzi wa pili, na matone yahesabiwe upya mara kwa mara, kwani mgonjwa akigeuza mkono kasi hubadilika. Ndugu wanaouguza nao wasiguse kidhibiti cha dripu, wamwite muuguzi.